Mageni na Mdukuzi wa Ushirombo

Basi lilipomshusha Mageni stendi ya Ushirombo asubuhi ile, alisimama kando ya barabara na begi lake la kompyuta begani, akajifanya anatafuta simu kwenye mkoba. Alikuwa anatafuta ujasiri. Alijua nyumba anayokwenda. Aliwahi kufika mara moja, wakati wa sikukuu, akiwa bado mwanafunzi wa chuo, na mama wa nyumba ile alimkaribisha kama mtu aliyekuwa akisubiriwa.

Mageni Bujiku alikuwa mtaalamu wa usalama wa mitandao katika kampuni moja jijini Mwanza. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta watu wanaoingia kwenye kompyuta zisizo zao, na kwa muda mrefu sasa alikuwa akimtafuta mmoja tu. Mtu huyo alijiita Mbiti, yaani fisi kwa Kisukuma. Alikuwa ameingia kwenye mifumo ya wanunuzi wa dhahabu Kahama, ya wenye mabasi na ya wenye mashine kubwa za mpunga. Aliyafunga mafaili yao yote na kuwataka walipe ndipo awafungulie. Wafanyabiashara wa ukanda wote huu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, walilijua jina hilo. Wengine walisema ni Mzungu, wengine walisema ni kundi la vijana wa Dar es Salaam. Kisha kwa mwaka mzima Mbiti akanyamaza, na watu wakaanza kumsahau.

Sasa alikuwa amerudi, na safari hii alikuwa ameifunga hospitali ndogo ya misheni katika kijiji cha Nyabusalu.

Mageni alitumwa kule kusaidia. Aliifungua programu iliyofanya uharibifu ule, akaanza kuisoma mstari kwa mstari kama fundi saa anavyopangua saa. Ndipo alipoona majina. Kila programu ina sehemu zake, na kila anayeiandika huzipa majina anayotaka. Huyu alikuwa amezipa majina ya mazao: mpunga, karanga, mtama, choroko, viazi. Yalifuatana hivyo hivyo, tena na tena.

Mageni aliondoa mikono kwenye kompyuta. Aliwahi kumjua kijana mmoja tu aliyeandika hivyo. Walikuwa wakikaa meza moja maktaba, na alipomuuliza kwa nini mazao, kijana yule alicheka, akasema ndivyo mama yake anavyopanda shamba lake, hajawahi kubadilisha. Kijana yule aliitwa Ansgar. Walipendana miaka yao yote ya chuo, akapelekwa hadi Samuye kwa kina Mageni kujitambulisha, na wiki chache baadaye akatoweka bila neno. Simu yake haikupatikana tena.

Mageni hakumwambia bosi wake alichokiona. Alijipa siku za kufikiri, na kila siku aliahidi moyoni kwamba kesho angesema. Badala yake alipanda basi la Ushirombo.

Mama Apolonia, mama yake Ansgar, alikuwa uani anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mkeka. Alimwona mgeni akiingia, akajipangusa mikono kwenye kanga, akatazama mara mbili.

"Shikamoo, mama," Mageni alisema.

"Marahaba, mwanangu." Alimsogelea. "Umekonda. Au mimi ndiye nimesahau ulivyokuwa."

Alimletea kiti, akamletea chai na karanga, akamuuliza habari za Samuye na za wazee. Hakumuuliza kilichomleta. Ila alipokuwa anamimina chai alisema taratibu, bila kumtazama, kwamba Ansgar yuko juu ya bati la nyumba ya jirani anafunga sola, na kwamba tangu aliporudi nyumbani amekuwa mtu wa kazi na wa kanisani tu, hatoki, hana marafiki. Alisema kama anayemtetea mtoto wake kabla hajashitakiwa. Kisha akajitwika ndoo, akaenda kumwita.

Mageni alikuwa amejiandaa kwa maneno. Alikuwa ameyapanga njia nzima kuanzia Kahama. Lakini Ansgar alipoingia uani, vumbi la bati kwenye nywele na bisibisi bado mkononi, maneno yote yaliondoka. Alikuwa amekomaa uso. Macho yalikuwa yale yale, ya mtu anayesikiliza hata kabla hujaanza kusema. Walitazamana. Ansgar ndiye aliyekwepesha macho kwanza, akaangalia begi la kompyuta lililokuwa miguuni pa Mageni, na Mageni akaona kwamba ameelewa.

"Umekuja na nani?" aliuliza.

"Peke yangu."

Ansgar alivuta kigoda, akakaa mbali kidogo naye, kama watu wanavyokaa msibani.

Mageni alimweleza yaliyotokea Nyabusalu. Alimweleza kwamba hospitali ile ilikuwa na kliniki ya watoto wenye selimundu, na kwamba habari zao zote, dawa wanazotumia na damu waliyowahi kuongezewa, zilikuwa ndani ya mafaili yaliyofungwa. Wauguzi walikuwa wanawauliza wazazi, na wazazi wengine walikuwa hawakumbuki. Mtoto mmoja wa darasa la pili, Vaileth, aliletwa na bibi yake akiwa na homa, akachomwa sindano ya dawa ambayo mwili wake unaikataa. Ilikuwa imeandikwa kwenye faili lake kwa herufi nyekundu. Hakuna aliyeweza kuiona. Mtoto alivimba koo, wakampigania, akapona, lakini bado alikuwa wodini.

Ansgar alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Mageni alipomaliza, Ansgar aliinua uso.

"Si mimi niliyeifunga ile hospitali," alisema mwishowe. "Naomba uniamini hilo, hata kama hutaniamini lingine lolote."

"Lakini programu umeiandika wewe."

"Nimeiandika mimi."

Hapo ndipo akasema yote, na Mageni akamwacha aseme. Mbiti wa kwanza alikuwa yeye. Wale wanunuzi wa dhahabu, wale wenye mabasi, wote ni yeye, akishirikiana na kijana mwenzake aliyeitwa Paschal, wa Katoro. Walipata sana, wakatumia sana. Kisha siku moja alimwona mwenye mabasi mmoja Kahama, mzee mzima, amekaa nje ya ofisi yake anawaomba msamaha abiria kwa kosa ambalo hakulijua. Alirudi chumbani, akashindwa kula. Alimwambia Paschal kwamba ameacha. Paschal akakubali, ila akaomba abaki na programu, akidai atajifunzia tu. Ansgar akamwachia.

"Nilijua hatajifunzia," alisema. "Nilijua, lakini nilitaka niondoke haraka."

"Ulianza kwa nini, Ansgar? Ulikuwa wa kwanza darasani. Kila mtu alikutaka kazini."

Mama Apolonia alipita na ungo, akawatazama wote wawili, akaingia ndani na kuufunga mlango taratibu, jambo ambalo mchana watu wa pale hawalifanyi.

"Baba yako hakukwambia?" Ansgar aliuliza.

"Aniambie nini?"

Ansgar akamsimulia. Siku ile alipokwenda Samuye kujitambulisha, wakati wa kuondoka Mzee Bujiku alimsindikiza hadi barabarani. Alimwambia kwa upole kabisa, bila kumtukana, kwamba hamchukii. Lakini baba yake Ansgar alikuwa mchimbaji, alikufa amefukiwa kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, akaacha mjane bila hata ndama. Mzee alisema watu wa maduara leo wapo, kesho hawapo, na hataki binti yake awe mjane wa mtu wa namna hiyo. Akamwomba, kama kweli anampenda, aondoke asimwambie kitu, maana akimwambia, Mageni angebishana na baba yake, na nyumba ingevunjika.

"Nikaondoka," Ansgar alisema. "Nikajiapiza nitarudi na ng'ombe wengi hadi akose pa kuwalaza. Nilitaka aone aibu. Ndivyo nilivyoanza. Na nilipopata za kununua hao ng'ombe, nikagundua siwezi kwenda kwenu nazo. Ningesema nimezipata wapi?"

Mageni alinyanyuka. Alitembea hadi kwenye mkeka wa michembe, akasimama akimpa mgongo Ansgar na ulimwengu wote. Kwa miaka ile yote alikuwa ameamini kwamba aliachwa kwa sababu hakutosha. Alikuwa amembuni kichwani mwake mwanamke mwingine wa Ansgar, akampa hata sura. Usiku wa kwanza kazini Mwanza alilia kwa sababu hiyo, na asubuhi akaanza kuwa mtu mgumu ambaye wenzake wanamwogopa kidogo.

"Mlikaa barabarani wewe na baba mkaamua maisha yangu," alisema bila kugeuka. "Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo mlivyolia chakula."

"Ndiyo."

"Hakuna hata mmoja wenu aliyefikiri kuniita."

"Hakuna," Ansgar alisema. "Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko unavyodhani."

Upepo uliinua ncha ya mkeka, Mageni akainama kuiwekea jiwe. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umetulia, na Ansgar, aliyeujua uso huo, aliona kwamba umetulia kwa kulazimishwa.

Alimwambia kilichomleta. Mafaili ya hospitali yalihitaji ufunguo, na aliyeitengeneza ile programu angeweza kuutengeneza tena bila Paschal. Yeye mwenyewe, Mageni, alikuwa amejaribu kwa njia zote akashindwa.

"Naweza," Ansgar alisema. "Nikiwa na seva yao mbele yangu, kabla ya jioni itakuwa imefunguka. Lakini nikiifungua, kila mtu atajua ni nani aliyeiandika."

"Najua."

"Na wewe utaulizwa."

"Nitaulizwa. Nikiulizwa sitadanganya." Mageni alirudi karibu naye. "Nimeshadanganya vya kutosha kwa kunyamaza. Nikirudi nitawaambia kazini kwamba nilijua."

"Kwa nini hukuja na polisi, Mageni?"

Mageni alikaa tena kwenye kiti chake. Safari hii alikivuta karibu.

"Ningekuja nao, ungefungua kwa sababu umekamatwa. Nilitaka nione kama utafungua mwenyewe. Nisingeweza kuishi bila kujua hilo."

Ansgar alimtazama kwa muda mrefu, na katika kumtazama huko Mageni aliona kila kitu ambacho simu iliyozimwa haikumwambia. Kisha kijana yule aliweka bisibisi chini, akainuka, akaenda kugonga mlango wa mama yake. Waliongea ndani kwa Kisumbwa, kwa sauti za chini. Mageni hakuelewa maneno, lakini alimsikia Mama Apolonia akilia mara moja tu, kisha akasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Ansgar alitoka ameoga, amevaa shati lake la kwenda kanisani.

Walifika Nyabusalu kwa bodaboda mbili mchana. Sista Rosemary, mtawa aliyekuwa anaisimamia hospitali, alimtazama kijana aliyekuja na Mageni, akauliza ni nani. Mageni alifungua kinywa, lakini Ansgar akamtangulia. Alimwambia Sista jina lake, akamwambia kwamba kitu kilichoifunga hospitali amekitengeneza yeye, ingawa aliyekitumia ni mwingine, na kwamba amekuja kukifungua, na akimaliza atakwenda polisi. Sista Rosemary alimwonyesha chumba cha kompyuta, akavuta kiti, akakaa mlangoni, na hakuondoka hapo hadi mwisho.

Mageni alikaa kando yake. Walifanya kazi kama zamani, bila kuzungumza sana, mmoja akinyoosha kidole kwenye kioo, mwingine akiwa ameshaelewa. Mara moja mabega yao yaligusana, na hakuna aliyejiondoa. Wakati mmoja Ansgar alikwama, akakuna kichwa, na Mageni akamwelekeza mstari ambao Ansgar mwenyewe aliukosea alipoiandika ile programu. Ansgar alitabasamu kwa mara ya kwanza. Jua lilikuwa bado halijashuka jina la mgonjwa wa kwanza lilipojitokeza kwenye kioo, kisha la pili, kisha yakamiminika yote, watoto kwa watu wazima, na maelezo yao mekundu na meusi. Sista Rosemary alifanya ishara ya msalaba, akakimbia kuwaita wauguzi.

Kabla hawajaondoka Ansgar aliomba aone wodi ya watoto. Alisimama mlangoni tu. Vaileth alikuwa amekaa kitandani anakula uji, bibi yake anampulizia kijiko. Mtoto alimwona mtu mgeni, akamwamkia kwa sauti iliyokwaruza. Ansgar aliitikia, akashika mwimo wa mlango. Kisha akageuka, akamfuata Mageni nje.

Polisi walimpokea Ansgar kwa utulivu, maana alijipeleka. Aliwaambia habari za Paschal, na wiki haikuisha Paschal akakamatwa Katoro. Mageni naye alirudi Mwanza akamweleza bosi wake ukweli, kwamba alilijua jina kabla ya siku ile na akalificha. Bosi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia amefanya kazi nzuri na kosa baya kwa pamoja, na akamsimamisha kazi hadi kikao kitakapoamua. Mageni hakubishana. Alifunga vitu vyake, akaenda Samuye.

Mzee Bujiku alikuwa anatengeneza ua wa zizi. Mageni hakungoja hata akaribishwe maji.

"Baba, nimeonana na Ansgar."

Mzee aliendelea kufunga kamba.

"Ameniambia mliyoongea barabarani."

Kamba ikasimama. Mageni alimweleza habari yote: wizi, hospitali, ufunguo, polisi. Hakumficha baba yake ubaya wa Ansgar wala hakuupamba. Mzee aliuliza swali moja tu, kama kijana alijua atafungwa kabla ya kuifungua ile hospitali. Mageni alisema alijua. Kisha akasema lile alilolibeba kutoka Ushirombo.

"Sikuja kuomba ruhusa, baba, na sikuja kugombana. Nimekuja kukuambia kwamba uliniumiza. Ungeniuliza, ningekusikiliza. Pengine hata ningekubaliana nawe."

Mzee Bujiku alikaa juu ya gogo. Alionekana amezeeka ghafla. Alisema kwamba aliogopa. Dada yake mwenyewe aliolewa na mchimbaji huko Geita, na alimwona anavyozeeka kabla ya wakati, akitazama barabara kila jioni. Hakutaka kumwona Mageni hivyo. Hakusema samahani, kwa sababu wanaume wa umri wake hawakufundishwa kulisema neno hilo kwa watoto wao. Alisema, "Nimekusikia, ng'wanone, mwanangu," kisha akarudi kwenye kamba zake, na Mageni akaingia ndani kumsaidia mama yake kupika.

Siku ya dhamana mahakama ya Ushirombo ilijaa watu waliokuja kumwona fisi. Wengi walivunjika moyo walipoona kijana mwembamba wa shati la kanisani. Hakimu alitaka wadhamini wawili wenye mali isiyohamishika. Mjomba wake Ansgar akasimama. Wa pili hakuwepo. Aliyekuwa ameahidi alikuwa amezima simu, na Mama Apolonia alianza kutazama huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Karani akauliza mara ya mwisho.

"Nipo," sauti ikasema kutoka nyuma.

Mageni aligeuka. Baba yake alikuwa amesimama karibu na mlango, koti lake zito mwilini, hati ya shamba mkononi, viatu vimejaa vumbi la safari. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anakuja. Alipita katikati ya watu, akajibu maswali ya karani kwa Kiswahili chake cha taratibu, akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa.

Nje, Ansgar alimwendea akamwamkia kwa kuinama. Mzee aliitikia, akamtazama kwa muda.

"Siku ile nilikuambia uondoke, ukaondoka," alisema. "Leo nakuambia ubaki. Usipofika hapa siku ya kesi, watakuja kunichukua mimi."

"Nitafika, baba."

"Na sijasema nimekuozesha. Hilo utamuuliza mwenyewe." Alielekeza kidevu kwa Mageni, akawaacha, akaenda kusalimiana na Mama Apolonia.

Walisimama wawili kwenye kivuli cha ukuta wa mahakama. Ansgar alikuwa amepungua, lakini alikuwa anamtazama moja kwa moja, hakwepeshi tena macho. Alisema mwanasheria amemwambia kweli: wakati wowote kesi itakapoisha, huenda akafungwa, na huenda isiwe muda mfupi.

"Sitaki kukuomba unisubiri," alisema. "Naona bora nikuache uwe huru, uende..."

"Umeanza tena," Mageni alisema.

Ansgar alisogea hatua moja.

"Unaamua tena peke yako. Niulize."

Nyuma yao watu walikuwa wanatawanyika, wakiwa bado wanamjadili fisi kana kwamba hayupo pale.

"Mageni, utanisubiri?"

Alifikiri. Hakufanya haraka, maana lilikuwa jibu lake, na alitaka kulijua uzito wake kabla hajalitoa. Alifikiria kazi ambayo huenda asiipate tena, ndugu watakaomcheka, Jumapili za kupanga foleni kwenye lango la gereza na chakula kwenye kapu. Alivitazama vyote. Kisha akamshika mkono, mchana kweupe, mbele ya baba yake na mbele ya mji mzima.

"Nitakusubiri," alisema.

Hatua chache kutoka pale, Mzee Bujiku aliona, akageukia upande wa pili, akamuuliza Mama Apolonia kama mwaka huu mvua zilinyesha vizuri kwenye mashamba ya Ushirombo.